Filta za nusu giza mbele ya majabali ya jangwani: tathmini ya jioni kumi na moja

Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya kisanduku cha filta hizi, yaani vioo vya kuwekwa mbele ya lenzi vilivyotiwa giza nusu yake, ina mchoro mmoja tu: bahari tulivu, upeo wa macho ulionyooka kama uzi, na mshale unaoelekeza kwamba mpaka wa giza wa kioo ulazwe juu ya upeo huo. Kwa anayepiga picha ufukweni mchoro huo unatosha. Kwa anayesimama jangwani alasiri inapoelekea jioni, mbele ya jabali lililochomoza mita mia kadhaa kutoka mchangani, mchoro huo unapotosha, kwa sababu kitu anachotaka kukipiga picha ndicho kinachoukata upeo wa macho. Nimezitumia filta hizi kwa jioni kumi na moja: saba katika bonde la Wadi Rum kusini mwa Yordani, mwezi Machi, siku ambazo usiku na mchana hulingana, na nne chini ya majabali ya Spitzkoppe nchini Namibia. Swali nililokwenda nalo ni moja. Seti iliyobuniwa kwa ajili ya upeo ulionyooka ina kazi gani mahali ambapo hakuna kilichonyooka?

Seti yenyewe ina vioo viwili vya mstatili vyenye upana wa milimita 100 na urefu wa milimita 150, polaraiza moja ya duara (filta ya kuzungushwa inayopunguza mng'aro), fremu ya alumini ya kuvishikilia mbele ya lenzi, na pete za kuiunganisha fremu na lenzi za vipenyo mbalimbali. Kila kioo kimetiwa kijivu katika nusu yake ya juu na kuachwa wazi katika nusu ya chini. Katika kioo cha kwanza kijivu hicho hufifia polepole kuelekea katikati, nami nitakiita kioo laini. Katika cha pili hukatika ghafla, nami nitakiita kioo kikali. Vyote viwili hupunguza mwanga kwa stopu tatu, na kwa kuwa kila stopu huugawa mwanga nusu kwa nusu, sehemu ya juu ya kioo hupitisha moja ya nane tu ya mwanga unaoifikia. Kampuni iliyoitengeneza seti hii siitaji, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazozieleza huenda ni za kisanduku changu peke yake.

Ili kuelewa kwa nini mtu abebe vioo jangwani, ni lazima kwanza aangalie kinachotokea kwa mwanga wenyewe. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, mwanga wake hupita katika hewa nyingi mara mbili kuliko ambayo ungepitia kama jua lingekuwa utosini. Likishuka hadi nyuzi 10, hewa hiyo huwa zaidi ya mara tano. Na likigusa upeo, huwa karibu mara 38. Katika safari hiyo ndefu molekuli za hewa huutawanya zaidi mwanga wa buluu, na unaofika kwenye mwamba ni ule wa manjano, wa chungwa na mwekundu. Chembe za mawe ya mchanga ya Wadi Rum zimefunikwa na oksidi za chuma, ambazo huzirudisha vizuri hasa rangi hizo zilizosalia. Ndiyo sababu ukuta uliokuwa na rangi ya kahawia iliyopauka saa nane mchana huonekana, nusu saa kabla ya jua kuzama, kana kwamba una moto ndani yake. Lakini mchanga ulio kivulini haupati chochote cha mwanga huo. Unaangazwa na anga la buluu peke yake, hivyo huwa baridi kwa rangi na hafifu kwa nguvu, na kamera iliyopimwa kwa ajili ya ukuta unaowaka huuona mchanga huo kama weusi usio na umbo.

Pengo hilo kati ya sehemu iliyoangazwa na sehemu iliyo kivulini ndilo ambalo filta za nusu giza zinadai kuliziba. Zinaliziba, lakini si mahali ambapo karatasi ya maelekezo inasema.

Jioni ya kwanza nilifuata mchoro. Nilielekea magharibi, jua likiwa limejificha nyuma kidogo ya bega la jabali, nikaweka kioo kikali, nikaulaza mpaka wake pale ambapo tambarare ya mchanga inakutana na anga kwa mbali. Anga lilitulia vizuri, rangi zake zikarudi, na mchanga ukaonekana. Jabali, hata hivyo, liligawanyika vipande viwili. Sehemu ya chini ilikuwa na nyufa, tabaka na rangi. Sehemu ya juu, ambayo ndiyo iliyoingia ndani ya kijivu cha kioo, ilikuwa nyeusi kama mkaa, na mstari wa mgawanyiko ulipita katikati ya mwamba kama alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba iliyofurika. Nilijaribu kukishusha kioo, nikajaribu kukipandisha, nikajaribu kukiinamisha kufuata mteremko wa bega. Kila nilipofanya hivyo niliuhamisha mstari huo bila kuuondoa. Hili si kosa la utengenezaji. Kioo chenye mpaka ulionyooka hakiwezi kufuata umbo la kitu kisichonyooka, na jangwa lenye majabali ni nchi ya vitu visivyonyooka: minara, matao, vichwa vya uyoga vya mawe, madaraja yaliyochongwa na maji na upepo. Tao kama Delicate Arch la Utah nchini Marekani linaonekana likiwa limesimama juu ya upeo wa macho pamoja na anga lililo ndani ya uwazi wake. Ukitia giza anga la juu, umelitia giza tao pia.

Jioni ya pili niligeuka upande wa pili, jua likiwa mgongoni mwangu. Hapa tatizo lilikuwa jingine kabisa, nami naliona mara nyingi katika picha za watu wanaoanza kutumia filta hizi. Anga la mashariki, lililo mkabala na jua linalozama, si angavu. Mara nyingi ukuta wa mwamba ulioangazwa moja kwa moja huwa na mwanga sawa na anga lililo nyuma yake, au hata kulishinda. Ukiweka kioo cha nusu giza hapo, unakipunguzia mwanga kile kitu pekee kilichokufanya usafiri hadi jangwani. Ukuta uliokuwa ukiwaka hugeuka kuwa na rangi ya matofali yaliyolowa. Wanaokwenda kuutazama mwamba wa Uluru huko Australia wakati wa machweo husimama upande wa magharibi wake, jua likiwa nyuma yao na mwamba wenye kimo cha mita 348 ukiwa mbele yao umeangazwa wote; mpiga picha aliyesimama hapo hahitaji kioo chochote cha nusu giza, na seti hii, hata ikiwa nzuri namna gani, ingemharibia kazi.

Baada ya jioni hizo mbili nilikuwa karibu kuandika kwamba seti hii haifai jangwani. Kilichonibadilisha mawazo ni kivuli.

Jioni ya tatu nilisimama kwenye sakafu ya bonde, mbele yangu kukiwa na ukuta mrefu unaotazama magharibi, na nyuma yangu, kiasi cha kilomita moja kutoka ukuta huo, kukiwa na safu nyingine ya majabali. Jua liliposhuka, kivuli cha safu ya nyuma kilinipita, kikatambaa juu ya mchanga, kikaufikia mguu wa ukuta na kuanza kuupanda. Nilipima mwanga wakati kivuli kilipofika robo ya kimo cha ukuta. Kwa ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na mwanya wa lenzi wa f/11, sehemu iliyoangazwa ilitaka shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya 1/60 ya sekunde, na mchanga ulio kivulini ulitaka 1/8. Hizo ni stopu tatu kamili, na mpaka kati ya pande hizo mbili ulikuwa ukikata picha yote kutoka kushoto hadi kulia, ukiwa karibu umenyooka. Upeo ambao mchoro wa kisanduku uliuhitaji ulikuwepo, ila haukuwa kati ya ardhi na anga. Ulikuwa ubavuni mwa mwamba.

Niliweka kioo laini, nikaushusha mpito wake hadi kwenye mpaka wa kivuli, na ukuta uliowaka pamoja na anga lililo juu yake vikaingia pamoja ndani ya kijivu. Kwa kuwa ukuta na anga vilikuwa na mwanga unaokaribiana, vilipungua kwa pamoja bila kugombana. Hakuna mstari mweusi uliotokea, kwa sababu mpito wa kioo uliangukia mahali ambapo mwanga wenyewe ulikuwa tayari ukibadilika. Mchanga ulijitokeza na mikunjo yake yote, nyayo za ngamia zikaonekana, vichaka vilivyokauka vikapata matawi. Nilitazama histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa mwanga katika picha, kwenye skrini na kwa mara ya kwanza tangu nifungue kisanduku hicho, hapakuwa na kitu kilichoungua juu wala kilichozama chini.

Nimelifikiria sana jambo la kwa nini kioo laini kinafanya kazi hapo kuliko kikali, na jibu limo katika ukubwa wa jua. Jua si nukta. Kwa macho yetu lina upana wa takriban nusu nyuzi. Kwa hiyo ukingo wa kivuli chochote una ukanda wa nusu kivuli, na ukanda huo hupanuka kadiri kinachotupa kivuli kinavyokuwa mbali. Safu ya majabali iliyo umbali wa kilomita moja hutupa kivuli ambacho ukingo wake una upana wa mita tisa hivi. Ukitazama kutoka bondeni, huoni mstari ukutani. Unaona mwanga ukififia, rangi ya chungwa ikigeuka waridi, waridi ikigeuka zambarau, kisha buluu. Kufifia huko kunafanana na kufifia kwa kijivu ndani ya kioo laini. Ikiwa kinachotupa kivuli kipo karibu, kwa mfano jiwe kubwa lililo hatua ishirini kutoka ukutani, ukingo wa kivuli huwa mkali zaidi, lakini hapo umbo lake huwa la jiwe lenyewe, limepinda na kuvunjika, na kioo kikali hakiwezi kulifuata. Sikupata, kwa jioni zote kumi na moja, hali hata moja ambayo nilikihitaji kioo kikali.

Huko Monument Valley, kwenye mpaka wa Arizona na Utah, jambo hili hutokea kwa namna inayowavuta wapiga picha kutoka mbali: siku za mwisho wa Machi na za katikati ya Septemba, kivuli cha jabali liitwalo West Mitten hutupwa jioni juu ya jabali jirani, East Mitten. Jabali moja huangazwa huku limebeba umbo la jingine. Kwa picha ya aina hiyo kioo laini kinaweza kusaidia kuuinua mchanga wa mbele, lakini ningemsihi atakayekwenda huko asikishushe hadi kikagusa kivuli chenyewe, kwa kuwa kivuli ndicho habari ya picha.

Hapo ndipo lawama yangu kubwa ya kwanza kwa seti hii inapokuja. Stopu tatu ni nyingi mno. Tofauti niliyoipima kati ya ukuta na mchanga ilikuwa stopu tatu, na kioo cha stopu tatu kiliifuta yote, hata mchanga ulio kivulini ukawa na mwanga sawa na ukuta unaopigwa na jua. Picha kama hiyo haina kosa la kipimo, ila ina uongo. Jicho linajua kwamba kivuli ni kivuli, na linapoona kivuli kilichoangaza kama jua hukataa kuamini picha yote. Ninachokitaka ni kuacha angalau stopu moja ya tofauti, ili ubaridi wa mchanga uonekane kuwa ubaridi. Kioo cha stopu mbili kingefanya hivyo moja kwa moja, na sielewi kwa nini watengenezaji walitia ndani ya kisanduku kioo kikali badala ya kioo laini cha stopu mbili. Njia niliyoitumia kulizunguka tatizo hilo ni kukipandisha kioo laini juu zaidi ya mpaka wa kivuli, ili sehemu ya chini ya ukuta iangukie kwenye kijivu hafifu na sehemu ya juu pekee iangukie kwenye kijivu kizito. Inafaa, lakini inataka subira, na subira ni kitu ambacho saa hiyo hakina nafasi nacho.

Hakina nafasi kwa sababu kivuli hakisubiri. Kwenye latitudo ya Wadi Rum, siku za usiku kulingana na mchana, jua hushuka kwa kiasi cha nyuzi 13 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika nne na nusu hivi. Ikiwa safu inayotupa kivuli iko kilomita moja kutoka ukutani, kila nyuzi moja hukipandisha kivuli kwa takriban mita 17. Kwa hiyo kivuli hupanda ukuta karibu mita nne kila dakika, na mpiga picha anayetaka mpito wa kioo ulale mahali pake hana budi kukisogeza kioo tena na tena hadi jua litakapozama. Nilizoea kupiga picha mbili, kukisukuma kioo juu kwa upana wa ukucha, kutazama skrini, kisha kupiga nyingine mbili.

Na hapo fremu ilinisumbua. Mifereji yake inavibana vioo sana. Ndani ya chumba hilo ni jambo jema, kwa kuwa kioo hakiwezi kuteleza na kuanguka. Jangwani, ambako chembe za mchanga huingia kila mahali, kila msukumo ulitoa sauti ya kusaga, na baada ya jioni ya tano ukingo wa kioo laini ulikuwa na mikwaruzo midogo. Mikwaruzo hiyo iko nje ya eneo linaloonekana, hivyo haijaingia katika picha yoyote, lakini naandika kwa sababu anayenunua seti kama hii anadhani kioo halisi hakikwaruziki. Kinakwaruzika, ila polepole kuliko plastiki. Lenzi ikiwa ya pembe pana, yenye urefu wa fokasi ulio chini ya milimita 18, pembe za fremu huingia katika picha na kuacha giza kwenye kona.

Kasoro nyingine ya fremu ni nafasi iliyobaki kati ya kioo na lenzi. Jua likiwa chini na nyuma yako, mwanga wake huingia kupitia nafasi hiyo, hupiga upande wa ndani wa kioo, kisha hurudi ndani ya lenzi. Katika picha tatu nzuri za jioni ya nne nilikuta, katikati ya anga, maandishi meupe yaliyo kwenye mdomo wa lenzi yangu yakiwa yamegeuzwa kama katika kioo cha kujitazamia. Tangu siku hiyo nafunika upande wa nyuma wa fremu kwa kitambaa cheusi ninachokifunga kwa mpira. Ukanda wa sponji nyeusi ungelimaliza tatizo hilo kiwandani.

Kuhusu rangi ya vioo nina la kusema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa jangwa jekundu lina tabia ya kuwaficha wadanganyifu. Filta nyingi za kijivu si za kijivu kabisa. Huongeza wekundu au uzambarau kidogo. Ukizijaribu mbele ya mwamba mwekundu hutaona kasoro yoyote, maana mwamba huipokea rangi hiyo na kuonekana mzuri zaidi, na mtu husifu filta kwa kumwongezea machweo. Mahali pa kuitafuta kasoro ni mawinguni, na kwenye sehemu za jabali zilizo kivulini ambazo kioo kimezifunika. Niliipanga kamera katika rangi ya mwanga wa mchana, Kelvini 5,500, na kuizuia isijirekebishe yenyewe. Nashauri kila mmoja afanye hivyo jangwani, filta au bila filta, kwa kuwa kamera iliyoachiwa uhuru huiona rangi ya machweo kama kosa na huisafisha. Katika hali hiyo kioo laini kilikuwa karibu cha kijivu halisi. Kioo kikali, kilichotoka katika kisanduku hicho hicho, kiliyapa mawingu uzambarau ambao haukuwepo angani. Rangi ya ziada iliyoenea picha nzima huondolewa kirahisi kwenye kompyuta. Rangi iliyo katika nusu ya picha tu, tena inayofifia, ni kazi ya saa nzima, na hata baada ya saa hiyo mtu huwa hajaridhika.

Polaraiza ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote, na ingawa katika kisanduku imewekwa kama nyongeza, kwangu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Wengi huijua kwa kulitia anga buluu, na kazi hiyo inaifanya vizuri ukiwa unatazama kaskazini au kusini jioni, yaani pale ambapo jua lipo ubavuni mwako, kwa kuwa mawimbi ya mwanga wa anga hupangika zaidi katika mwelekeo mmoja kwenye nyuzi 90 kutoka jua. Ukitazama mashariki au magharibi, anga halibadiliki sana hata uizungushe vipi. Lakini kazi yake ya maana jangwani iko kwenye mwamba. Majabali mengi ya jangwani yana utando mweusi au wa kahawia iliyokolea, wenye chuma na manganizi, uliojengeka juu ya uso wake kwa muda mrefu sana, na utando huo hung'aa mwanga wa jioni unapoupiga kwa mshazari. Vivyo hivyo itale ya Spitzkoppe, ambayo kilele chake kikubwa kina kimo cha mita 1,728 kutoka usawa wa bahari na kinainuka takriban mita 700 juu ya tambarare inayokizunguka: mabega yake ya mviringo yaliyosuguliwa na karne nyingi hurudisha mng'aro mweupe unaoifunika rangi. Niliizungusha polaraiza robo mzunguko, mng'aro ukaondoka, na chini yake ikatoka rangi ya asali iliyoiva yenye madoa ya fuwele. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kufanya hivyo baadaye, kwa sababu mng'aro ukishaifunika rangi, rangi haikuingia kwenye kamera.

Ina masharti yake. Hula kati ya stopu moja na mbili za mwanga, hivyo tripodi huhitajika mapema zaidi. Kwa lenzi pana hulipa anga rangi isiyolingana, doa la buluu nzito upande mmoja na weupe upande mwingine, kwa kuwa lenzi hiyo huona pembe nyingi za anga kwa wakati mmoja. Mimi siitumii chini ya milimita 35 ikiwa anga limechukua zaidi ya robo ya picha.

Swali ambalo msomaji mwenye kamera ya kisasa ataniuliza ni kwa nini ahangaike na kioo cha nusu giza wakati anaweza kupiga picha mbili za vipimo tofauti, moja kwa ajili ya ukuta na moja kwa ajili ya mchanga, kisha aziunganishe. Ni swali la haki. Mwamba hausogei, na kivuli kinachopanda mita nne kwa dakika hakijasogea kiasi cha kuonekana katika sekunde moja kati ya picha na picha. Sensa za kisasa pia zina upana mkubwa wa kupokea mwanga, hata stopu tatu za kivuli zinaweza kuinuliwa kutoka katika faili ghafi moja, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, bila uharibifu mkubwa. Jioni mbili nilipiga kwa njia zote, na nilipoziweka picha sambamba, ile ya kuunganisha ilikuwa na ubora sawa na ile ya kioo, na kwenye jabali lenye umbo gumu ilikuwa bora. Kwa anayependa kazi ya kompyuta, na anayeijua, vioo hivi viwili si vya lazima.

Ninachokipata kwenye kioo laini ni kwamba naiona picha palepale. Nikiwa nimesimama mchangani na picha iliyokamilika imo kwenye skrini, naamua kusogea hatua mbili kushoto, au kuinamisha kamera ili mchanga uchukue theluthi badala ya nusu, au kusubiri kivuli kifike kwenye ufa fulani. Nikiwa na faili mbili zisizokamilika, maamuzi hayo nayafanya nyumbani, ambako siwezi tena kusogea hatua hata moja. Tofauti hiyo inatosha kunifanya nikibebe.

Kuna muda mmoja ambao ningemwomba kila mtu avivue vioo vyote. Jua likishazama, watu wengi hufunga mikoba yao. Dakika kumi hivi baadaye, anga la mashariki huwa na ukanda wa buluu ya kijivu unaoinuka kutoka kwenye upeo, ambao ni kivuli cha dunia yenyewe angani, na juu yake ukanda wa waridi. Kuta zinazotazama magharibi huangazwa na anga zima lililotua jua, si na nukta moja, hivyo hazina vivuli vikali, na tofauti kati ya mwamba na mchanga hushuka hadi stopu moja au pungufu. Rangi huwa ya chini na ya kina, kama ya kitambaa kilichotiwa rangi mara mbili. Kwa f/11 na ISO 100 shata yangu ilikuwa kati ya 1/8 na 1/4 ya sekunde, na baada ya dakika kumi nyingine ilifika sekunde mbili au zaidi. Kinachohitajika wakati huo ni tripodi iliyozamishwa vizuri mchangani na mkono usioigusa kamera. Picha tatu ninazozipenda kuliko zote za safari hizo mbili zilipigwa katika dakika hizo, lenzi ikiwa wazi.

Nilipokwenda Spitzkoppe, miezi kadhaa baada ya Wadi Rum, nilikuwa tayari nimepanga mkoba upya. Kioo laini kilikuwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa, polaraiza ilikuwa kwenye lenzi, fremu ilikuwa na ukanda wa sponji nilioukata na kuubandika mwenyewe, na kando yake kulikuwa na kioo laini cha stopu mbili nilichokinunua peke yake kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Kioo kikali kilibaki kwenye kisanduku, pamoja na ule mchoro wa bahari.